Sauti Iliyonaswa na Ziara ya Somo la Historia

Wanachuo wanaoniletea maandalio yao ya somo la Historia ya Tanzania na Maadili, siku hizi, mahali palipotengwa kwa ajili ya zana za kufundishia huandika neno moja tu: simu. Nikiwauliza simu hiyo itafanya kazi gani, hunijibu kwamba itawasikilizisha watoto maelezo yaliyorekodiwa kuhusu Bagamoyo, au Kilwa, au Olduvai. Jibu hilo si baya. Miaka michache iliyopita ningalilipa alama nzuri bila kusita. Leo siko tayari kufanya hivyo, na katika makala haya nakusudia kueleza sababu zangu, nikianza na kosa nililolitenda mimi mwenyewe.

Nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya ukufunzi, nilipewa jukumu la kuwapeleka wanachuo wa mwaka wa kwanza kwenye magofu ya Kaole, kusini ya mji wa Bagamoyo. Nilikuwa nimesoma kwamba katika nchi za Ulaya mgeni anayezuru mahali pa kale hupewa chombo kidogo cha kusikilizia, akatembea peke yake huku sauti ikimweleza kila anachokiona. Nikaona sisi nasi hatuna sababu ya kubaki nyuma. Kwa usiku miwili nilikaa na vitabu, nikanasa kwa sauti yangu maelezo ya dakika 40, nikayagawa vipande, nikawatumia wanachuo kwenye simu zao. Asubuhi ya ziara kila mmoja akaweka spika zake masikioni, nami nikaketi kivulini nikijisifu moyoni kwa kazi nzuri.

Kaole ni mahali panapostahili kuonwa na kila mwalimu. Pana magofu ya misikiti miwili iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ule wa zamani zaidi ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13. Na pana makaburi, baadhi yake yenye nguzo ndefu zilizopata kupambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Katika kipande cha nne cha maelezo yangu nilikuwa nimesema: "Sasa geuka kulia, ulitazame kaburi lenye nguzo." Lakini wanachuo walikuwa wameingia kutoka upande ambao mimi sikuufikiria. Kuliani kwao hapakuwa na nguzo. Palikuwa na mti. Basi wakawa wanageuka, mmoja baada ya mwingine, wanautazama ule mti kwa heshima kubwa, kisha wanaendelea na safari yao. Hakutokea hata mmoja aliyesimama akasema: mbona maneno haya hayalingani na ninachokiona?

Miongoni mwao alikuwapo mwanachuo mmoja ambaye simu yake ilikuwa imekwisha chaji tangu njiani. Huyu alizungukazunguka kwa muda akigusa mawe, akawasikiliza wenzake kidogo, kisha akanijia pale kivulini. "Mkufunzi," akaniuliza, "ikiwa watu hawa walikuwa wafanyabiashara wa majini, bahari yao iko wapi?" Nikainua macho. Mbele yetu palikuwa na mikoko. Nilikuwa nimezungumzia biashara ya majini kwa dakika sita nzima, wala sikuwa nimejiuliza swali hilo. Ndipo tulipoanza kuelezana jinsi inavyosemwa na wenye kuijua historia ya mahali pale, kwamba tope na mikoko viliijaza bandari ya Kaole, vyombo vikashindwa kukaribia, na shughuli zikahamia Bagamoyo. Wanachuo waliokuwa karibu wakatoa spika masikioni ili wasikie. Saa iliyofuata ndiyo ilikuwa ziara yetu ya kweli, na ilianza kwa sababu ya simu isiyo na chaji.

Isidhaniwe kwamba kwa kusimulia hayo nataka kuitukana mashine. Sauti iliyonaswa ina historia yake ya heshima katika kazi ya kuelimisha umma. Jumba la makumbusho la Stedelijk, mjini Amsterdam, liliwapa wageni wake chombo cha namna hiyo mwaka 1952. Maelezo yalirushwa kwa mawimbi ya redio ndani ya jumba, na kila mgeni aliyapokea kwa kifaa alichokibeba mkononi. Kwa kuwa sauti ilikuwa moja kwa wote, wageni walijikuta wakihama kutoka picha moja kwenda nyingine kwa wakati mmoja, mfano wa askari kwenye gwaride. Baadaye zilikuja kanda za kaseti, ambazo mtu aliweza kuzisimamisha apendapo, na leo kazi yote hiyo hufanywa na simu ya mkononi. Maendeleo hayo ni makubwa. Hata hivyo jambo moja halikubadilika tangu mwaka ule wa 1952: sauti husema, mtu husikia, na sauti haiwezi kuulizwa.

Kwa mtu mzima aliyekuja peke yake, mwenye maswali yake kichwani tayari, hilo si kasoro kubwa. Mtoto wa darasa la nne ni habari nyingine. Yeye bado anajifunza namna ya kuuliza, na akizoezwa mapema kwamba jibu hutangulia swali, atakuwa mtu wa kutazama mti na kuamini kwamba ameona nguzo.

Natoa mfano mwingine, wa jina lenyewe la Bagamoyo. Maelezo mengi wanayopewa wageni husema kwamba jina hilo limetokana na "bwaga moyo", yaani kilio cha watumwa waliofikishwa pwani wakakata tamaa ya kurudi makwao. Wako wanaolieleza kinyume chake: kwamba walioubwaga moyo ni wapagazi waliotembea miezi mingi na pembe za ndovu mabegani, wakafika pwani, wakatua mizigo, wakapumzika. Bagamoyo ilikuwa kituo cha misafara mikubwa katika karne ya 19, na wapagazi wake walikuwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi ile kwa ujira. Utumwa nao ulikuwapo, na ukatili wake haustahili kupunguzwa hata chembe. Mwalimu mwenye uhai aweza kuziweka simulizi hizo mbili mbele ya darasa, akawauliza watoto ni ushahidi gani ungetusaidia kuchagua. Sauti iliyonaswa huchagua moja, ikaisema kwa lafudhi nzuri, ikanyamaza. Nimekutana na wanachuo wenye vyeti vizuri vya kidato cha sita ambao hawajapata kusikia kwamba iko simulizi ya pili.

Je, hakuna njia ya kutumia sauti iliyonaswa bila kumfunga mtoto kinywa? Iko, tena iliwahi kutumika hapa kwetu, na kwa kiwango ambacho mataifa mengine yalikuja kukitazama. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya "Mtu ni Afya". Vikundi vya watu wazima, jumla yao wakiwa wapatao milioni 2, vilikutana vijijini kila wiki kusikiliza kipindi kilichotangazwa na Radio Tanzania Dar es Salaam ya wakati ule. Lakini kusikiliza kulikuwa ni mwanzo tu. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, kijitabu kikasomwa kwa sauti ili hata asiyejua kusoma afuate, mshauri wa kikundi akauliza maswali, watu wakabishana, kisha wakaamua kazi ya kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kusafisha kisima. Ajabu yake haikuwa redio. Redio zilikuwapo kabla ya hapo, na watu walizisikiliza wakiwa wamelala mkekani. Waliopanga kampeni ile walitambua kwamba sehemu muhimu kuliko zote za kipindi ni ile inayoanza baada ya kukizima, wakaiwekea mtu wa kuiongoza.

Natamani kila mwanachuo anayeandika "simu" katika andalio lake aandike pia, mbele yake, dakika ambayo simu hiyo itazimwa, na swali litakalofuata.

Lakini hata hilo halinitoshi, kwa sababu lingali linamweka mtoto upande wa kusikia tu. Huko Uingereza, katika vijiji vya mashambani, mgeni anaweza leo kutembea na simu yake kutoka kanisani hadi kwenye kinu cha zamani, na kutoka kinuni hadi darajani, akisikia habari za kila mahali. Kanisa lile, kinu kile na daraja lile mara nyingi si maajabu ya dunia. Ni vitu vya kijijini, ambavyo mpita njia asingevigeukia. Vimekuwa urithi kwa sababu wenyeji waliamua kwamba vina habari, wakazitafuta, wakazisema. Faida kubwa ya kazi kama hiyo, kwa maoni yangu, huipata yule aliyeitengeneza, ambaye ilimbidi aende kumwuliza jirani yake mzee, alinganishe alichoambiwa, achague maneno, aseme, asikie amekosea, aseme tena. Mgeni anayekuja kusikiliza huokota makombo.

Sasa tuitazame Kibamba yetu. Mwulizeni mtoto yeyote wa hapa mahali penye historia. Atakutajieni Bagamoyo, Kilwa, Zanzibar. Akiwa hodari ataongeza magofu ya Kunduchi, ambayo yamo ndani ya Mkoa huu huu wa Dar es Salaam, na Makumbusho ya Kijiji iliyoko Barabara ya Bagamoyo, ambako zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali, ikiwamo ya Wazaramo. Hatataja Kibamba. Na ukimwambia kwamba Wazaramo hao ndio waliokuwa wakilima ardhi anayoikanyaga, atakutazama kama mtu anayetaniwa.

Si kosa lake. Alama zinaondoka upesi kuliko watoto wanavyokua. Eneo lililokuwa la mashamba, mikorosho na miembe limekuwa la viwanja, fremu za maduka na vituo vya mabasi. Kwembe pale ipo hospitali kubwa ya Mloganzila. Na Kibamba yenyewe, iliyokuwa chini ya Kinondoni, sasa imo katika Manispaa ya Ubungo. Mwaka 2017 yalibomolewa majengo mengi yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, na upanuzi wa barabara hiyo kutoka Kimara hadi Kibaha, kilometa 19.2, ukafuata. Barabara tuliihitaji, wala sitaungana na wanaoilaani huku wakiitumia. Nasema tu kwamba mtoto anayeanza shule leo hakuyaona yaliyokuwapo, na kwamba yaliyobaki yamo vichwani mwa watu ambao hawatakuwa nasi siku zote. Majina ya mitaa bado tunayo: Hondogo, Gogoni, Kibwegere, Luguruni. Ni walimu wangapi wa huku wanaojua kila jina lilitoka wapi? Mimi nimefundisha huku miaka kadhaa, na niliyojifunza juu ya majina hayo niliyapata kwa watoto waliotumwa kuuliza.

Niliwatuma hivi. Pamoja na wanachuo wawili waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, tulilichukua darasa la tano la shule moja ya msingi ya hapa, tukaligawa vikundi, na kila kikundi kikapewa kitu kimoja kilicho karibu na shule: mwembe mkubwa, kisima cha zamani, makaburi, njia ya kwenda shambani. Kazi ya kwanza ilikuwa kutazama na kuandika maswali matatu, bila kumsikiliza mtu yeyote. Kazi ya pili ilikuwa kumtafuta mzee anayekijua kitu hicho. Simu ilikuwa moja tu, ya mwanachuo, kwa kuwa watoto wa shule za msingi hatutaki waje na simu, na ilizunguka kutoka kikundi kimoja hadi kingine.

Kikundi cha kisima kilimkuta babu mmoja barazani. "Shikamoo babu." "Marahaba wajukuu zangu, mmetumwa na nani?" Maneno hayo yote yamo katika sauti tuliyoinasa, pamoja na honi ya lori iliyokata usemi wake katikati, na jogoo. Babu alisema kisima kilichimbwa na wanakijiji wote kwa zamu. Kesho yake bibi mmoja wa nyumba ya pili akawaambia watoto kwamba si kweli: kilichimbwa na baba yake peke yake, na wanakijiji walikuja kuchota tu. Wanachuo wangu walifadhaika, wakataka kuifuta sauti moja ili somo lisivurugike. Nikawakataza. Tulizichezesha zote mbili darasani, ya babu na ya bibi, kisha tukazima simu tukauliza: tutajuaje? Mtoto mmoja akasema babu hakuwa amezaliwa bado. Mwingine akasema bibi anamsifu baba yake. Wa tatu akashauri tuulize mtu ambaye hana ndugu aliyechimba. Nimefundisha historia kwa miaka yangu yote ya kazi, na sijaona uchambuzi wa ushahidi ulioanza kwa wepesi kama ule, tena kwa Kiswahili chao wenyewe, chenye maneno mawili matatu ya Kizaramo ambayo bibi aliyatumia na watoto wakalazimika kuyaulizia maana nyumbani.

Mwishowe kila kikundi kilitengeneza maelezo yake yasiyozidi dakika tatu, yakasemwa na mtoto, na sauti ya mzee ikiwa ndani yake. Darasa la tatu lilipotembezwa kwenye vitu vile vile, sauti hizo ndizo zilizowaongoza. Nao walikuwa na mtu wa kumwuliza, maana msemaji alikuwa amesimama pembeni yao, kavaa sare, anaona haya.

Wako wakufunzi wenzangu wanaosema kwamba kazi hii ni ya wasomi wa Chuo Kikuu, si ya watoto. Nawakumbusha jambo moja. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam, wakati chuo chao kingali sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini kuwahoji wazee juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Wazee walioishuhudia vita ile walikuwa bado hai. Wale wanafunzi hawakuwa mabingwa. Walikuwa vijana waliotumwa, kama wanachuo wetu. Kama wangalisubiri miaka 20 wapate utaalamu zaidi, wangaliyahoji makaburi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, leo anakaribia miaka 70. Waliohamishiwa katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 wakiwa watu wazima wamezidi umri huo. Wangapi wanaishi Kibamba, na nani amewauliza?

Lipo pingamizi jingine, la idadi ya watoto, na hili nalichukulia kwa uzito zaidi. Darasa lenye watoto wengi kuliko madawati halitembezwi mtaani kwa urahisi, na barabara yetu haina huruma. Hapo sauti iliyonaswa husaidia kweli: kikundi kimoja hutoka na mwalimu, vingine hubaki na mwenzake vikisikiliza, vikichora ramani, vikiandika maswali, hata zamu zikaisha kwa wiki tatu. Ni kazi ya kuchosha. Lakini haihitaji basi la kukodi, na michango ya ziara ya Bagamoyo ni mizigo ambayo wazazi wengi wa hapa hawaiwezi. Nimewaona watoto wakibaki nyumbani siku ya ziara kwa sababu hiyo, na hakuna sauti ya simu itakayowafidia.

Yako pia mambo ya adabu, ambayo kijana mwenye simu huyasahau upesi. Mzee aombwe ruhusa kabla ya kunaswa sauti, aelezwe itatumika wapi, na asikilizishwe alichokisema ili akiona vema akipunguze. Asiwekewe simu puani. Makaburini watoto wasipelekwe mpaka wenye makaburi wamekubali, na kama wamekataa basi kikundi kitafute kitu kingine. Sisi tulikataliwa mara moja, na kukataliwa kule nako kuliandikwa daftarini. Na sauti zisipelekwe huku na huko kwenye makundi ya simu kwa kuwa zinachekesha. Babu yule wa kisima alitukana kidogo alipokatwa na honi ya lori. Sehemu hiyo tuliiondoa, ingawa watoto walisikitika.

Muhula ujao nitakuwa miongoni mwa watakaowakagua wanachuo walioko Kibamba na Kwembe. Yeyote atakayefundisha somo la mahali pa kale, nitamwomba kwanza daftari la maswali ya watoto, lenye tarehe ya kabla ya kurekodi. Simu nitaiomba baadaye.